Bingwa Juu ya Farasi wa Watu

(Mazungumzo yaliyotolewa jioni kwa jumuiya ya Waswahili wa Leeds, Uingereza, na kuandikwa baadaye na mzungumzaji mwenyewe)

Assalaam alaykum. Mabibi na mabwana, hamjambo.

Mwenyekiti alinipigia simu wiki tatu zilizopita akaniambia, "Mzee, utuletee habari za mtu wa mkoa huu tunaoishi. Ila asiwe mwanasiasa, asiwe mchezaji mpira." Akakata simu akidhani amenipa mtihani. Hajui kwamba nilikaa miaka kumi na moja nikikamua ng'ombe wa watu kwenye vilima vya upande wa Huddersfield, na huko kuna ukoo mmoja ambao ukiutaja dukani, hata anayekurudishia chenji ananyanyua kichwa.

Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nitawasimulia leo habari za mtu ambaye karibu maisha yake yote alivaa ya kuazima, tena mbele ya dunia nzima, na akasitirika.

Anaitwa John Whitaker. Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1955 huko Huddersfield, mwendo wa nusu saa hivi kutoka ukumbi huu kama barabara haina foleni. Ni mpanda farasi, wa ule mchezo wa kuruka viunzi. Baba yake, Donald, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwenye wazimu wa farasi pale nyumbani alikuwa mama, Bi Enid, na yeye ndiye aliyewapandisha watoto wake wa kiume kwenye vifarasi vidogo tangu miguu haijafika kwenye vikuku vya tandiko. Wavulana wanne: John, Steven, Ian na Michael. Kule shambani kwao farasi hakuwa kitu cha matajiri. Alikuwa mnyama miongoni mwa wanyama, naye zamu yake ya kulishwa ilifika ng'ombe wakishamaliza.

Hapo naomba nitulie kidogo, kwa sababu wengi wenu mmeona shamba la mkoa wetu huu wa Yorkshire kupitia dirisha la treni tu. Kuta za mawe, kondoo, mvua. Linapendeza. Sasa njooni ndani ya banda saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Januari. Ng'ombe wamejipanga wenyewe mlangoni, kila mmoja na nafasi yake, na ole wake ndama mgeni atakayepita mbele ya bibi kizee. Unapangusa chuchu, unavalisha vikombe vya mashine, unahamia kwa anayefuata. Vidole vimekufa ganzi. Ng'ombe akitaka kukupiga teke, hakupigi ghafla kama watu wanavyodhani. Ngozi ya ubavuni hutetemeka kwanza, pale juu ya paja, kama maji yaliyopitiwa na upepo. Ukiliona hilo, unatoa mkono. Usipoliona, unakwenda kumwonyesha daktari mkono. Na jioni unarudia kazi ile ile, na kesho, na siku ya Krismasi, na siku ya Idi. Ng'ombe hana sikukuu.

Mtu mzima kama mimi hujifunza mambo hayo kwa kuumia. Mtoto aliyezaliwa humo haambiwi na mtu. Anakua akisoma ngozi za wanyama kama mwenzake anavyosoma katuni. Ninaamini, na hapa mnaweza kunibishia, kwamba ubingwa wa John Whitaker ulitoka bandani kabla haujatoka uwanjani.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Nimezaliwa kwenye punda, nimepanda punda kabla sijavaa kanzu, kwa hiyo mwajiri wangu aliponiambia nimtembeze farasi wake nilisema hiyo kazi ndogo. Nikapanda. Farasi akachangamka, nami nikavuta hatamu kama mtu avutaye kamba ya tanga. Akasimama kwa miguu miwili. Nikaangukia mahali ambapo ng'ombe mia walikuwa wamepita asubuhi ile, na sihitaji kueleza zaidi, mbele ya chakula.

Mzee mmoja wa shamba la jirani aliyekuwa ameegemea ukuta hakucheka. Alinisubiri nikajimwagie maji, kisha akanishika kidole cha shahada akakiingiza kinywani mwa farasi yule, pembeni, nyuma ya meno ya mbele. Nikaruka. Akaniambia tulia, shika. Pale hapana meno. Kuna mwanya baina ya meno ya mbele na magego, ufizi mtupu, laini, wa moto, na chini yake mfupa mwembamba unaousikia kwa ncha ya kidole. "Chuma chako cha lijamu kinakaa hapo," akasema. "Sasa vuta tena ulivyovuta." Basi. Sijavuta tena tangu siku hiyo.

Niliyahitaji maelezo hayo ili mnielewe nikisema kwamba sifa ya kwanza anayopewa Whitaker na wapanda farasi wenzake ni mikono. Si nguvu, si ujasiri. Mikono. Hamwoni akimvutavuta farasi wala kumpigia makelele. Anakaa kimya juu yake, anamfikisha kwenye kiunzi akiwa na mwendo mzuri, halafu anamwacha afanye kazi kwa namna aliyoumbwa nayo. Hata nje ya uwanja ni mtu wa maneno machache. Waandishi wa habari walipata tabu naye sana.

Mchezo wenyewe, kwa wale wasioujua, ni rahisi kueleza. Uwanjani kuna viunzi vya fito za rangi, kuta za mbao, na dimbwi la maji. Kwenye mashindano makubwa viunzi hufika mita 1.60, yaani karibu na macho ya mtu wa kimo changu. Ukiangusha fito unaandikiwa pointi nne za adhabu. Ukichelewa unaandikiwa. Farasi akigoma unaandikiwa. Mwenye pointi chache ndiye mshindi, na mkilingana mnarudi kushindana na saa. Fito haikufungwa. Imelazwa tu kwenye kishikio cha chuma kilicho kama kisahani, na ukwato ukiigusa kidogo utasikia "tok", kisha uwanja mzima unashika pumzi: itaanguka au itabaki?

Farasi wa kwanza aliyemtoa Whitaker nje ya Yorkshire aliitwa Ryan's Son. Hakuwa wake. Alikuwa wa bwana mmoja, Malcolm Barr, aliyekuwa na binti aitwaye Clare. Mmeshajua hadithi inakoelekea. John akampanda farasi, akamwoa binti, na mwenye farasi akawa baba mkwe. Nawaambia vijana wetu humu ndani, huo ndio ufanisi.

Ryan's Son alikuwa na paji jeupe na vituko. Akimaliza kiunzi cha mwisho bila kosa alikuwa anarusha miguu ya nyuma hewani, teke la furaha, na mpanda wake anapaswa kukumbuka kujishikilia ilhali watu wameshaanza kupiga makofi. Mwaka 1980, nchi nyingi za Magharibi ziliposusia Olimpiki ya Moscow, wapanda farasi walikusanyika Rotterdam, Uholanzi, kushindana huko badala yake. Whitaker na Ryan's Son wakatoka na medali ya fedha. Mwaka 1984, Los Angeles, Uingereza ikapata fedha ya timu, na katika wapanda farasi wanne wa timu ile wawili walikuwa watoto wa Donald na Enid: John juu ya Ryan's Son, na mdogo wake Michael juu ya Overton Amanda. Nusu ya timu ya taifa imetoka kwenye banda moja la ng'ombe.

Kuna uwanja kusini mwa nchi hii uitwao Hickstead. Shindano lake kubwa, Derby, lilianza mwaka 1961, na lina kilima ambacho mimi nimesimama chini yake nikakitazama, nikamshukuru Mungu kwamba mimi ni mtu wa punda. Farasi anapanda juu, anafika kileleni, na mbele yake kuna ukingo ulioporomoka mita tatu na ushei, karibu wima. Kutoka juu ya tandiko huoni unakoshukia. Farasi husimama hapo akafikiri. Ni farasi anayefikiri, si wewe. Kisha anatanguliza miguu ya mbele, anakalia makalio yake na kuteleza mpaka chini, na hatua chache tu kutoka hapo kuna kiunzi kinamngoja. Wapo mabingwa waliogoma pale juu pamoja na farasi wao. Whitaker ameshinda Derby mara nne: 1983, 1998, 2000 na 2004, kila mara na farasi tofauti. Ya kwanza alishinda na Ryan's Son. Mwaka 1987, Hickstead hiyo hiyo, Ryan's Son alianguka, na hakupona.

Sasa nifike kwa Milton, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikubali kusimama hapa.

Alikuwapo mpanda farasi wa kike, Caroline Bradley, miongoni mwa walio bora kabisa Uingereza katika miaka ya sabini. Mwaka 1978 alikuwa kwenye timu iliyotwaa ubingwa wa dunia huko Aachen, Ujerumani. Huyu dada aliwahi kumpanda farasi dume aliyeitwa Marius. Marius alipozaa mtoto mwaka 1977, Caroline akamchukua mtoto huyo angali mdogo, akamlea, akamfundisha hatua kwa hatua, bila haraka. Ndiye Milton. Rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyokuwa ikififia mwaka hadi mwaka mpaka akawa mweupe pe, kama ilivyo kawaida ya farasi wa kijivu.

Mwezi wa Juni 1983, Caroline alikuwa kwenye maonyesho ya kilimo Ipswich. Akashindana, akashuka, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 37. Milton alikuwa na sita, ndio kwanza anakomaa.

Wazazi wake, Tom na Doreen Bradley, wakabaki na farasi wa binti yao. Fikirini nyumba ile. Nani hapa hajawahi kushika nguo ya marehemu, akainusa, akashindwa kuigawa? Sasa nguo hiyo iwe inapumua, inakula, inatikisa masikio ikisikia gari, nayo ina kipaji ambacho wanunuzi wa Ulaya nzima wanakijua. Hawakumuuza. Mwaka 1985, baada ya kupitia kwenye mikono mingine, Milton aliletwa Yorkshire, kwa John Whitaker, ampande. Mali ikabaki ya wazee.

Waswahili tuna neno la jambo hilo, nami nimelitafuta kwa Kiingereza miaka mingi sijalipata sawasawa: amana. Mkopo ni kitu kingine, na kukodi ni kitu kingine. Amana ni mtu anakuwekea mikononi kitu ambacho kikipotea hakilipiki, na anakwenda zake kulala.

Na kitu chenyewe kilikuwa cha namna gani! Tafuteni picha zake mkifika nyumbani. Milton hakuwa anaruka kiunzi, alikuwa anakivuka na kuacha nafasi ya kiunzi kingine katikati. Alionekana anafurahia. Mwaka 1987 akawa wa pili Ulaya, huku Uingereza ikichukua dhahabu ya timu. Mwaka 1989, mji ule ule wa Rotterdam, akawa bingwa wa Ulaya. Wa pili nyuma yake? Michael Whitaker. Kaka na mdogo wake, dhahabu na fedha. Mwaka 1990 huko Dortmund John na Milton wakashinda fainali ya Kombe la Dunia, na mwaka 1991 Göteborg wakairudia. Milton akawa farasi wa kwanza, ukiondoa farasi wa mbio, kuingiza zaidi ya pauni milioni moja za zawadi.

Lakini kati ya hayo upo mwaka 1988, Olimpiki ya Seoul. Whitaker alikuwa na miaka 33, farasi wake ana kumi na moja, wote wawili wako kwenye kilele. Wazee wa Bradley wakasema hapana. Milton hatapandishwa ndege kwenda Korea.

Mimi nimeshindwa kuwalaumu wazee wale, ingawa wako Waingereza walionuna. Ninachokitazama ni mpanda farasi. Olimpiki hutokea mara moja kwa miaka minne, na farasi hana miaka minne mingi. Mtu mwingine angewaendea na wanasheria, au angewasema magazetini. Whitaker hakutibua chochote. Milton hakwenda Seoul, mpandaji wake akaendelea naye kwenye mashindano mengine, na mwaka uliofuata wakatwaa Ulaya. Mwaka 1992 Milton aliruhusiwa kwenda Barcelona, na hakuambulia medali. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Labda Seoul ndiyo ilikuwa siku yake. Labda. Tuache.

Nimeruka Stockholm makusudi ili niifikie sasa. Kiangazi cha 1990 yalifanyika huko mashindano ya dunia ya michezo ya farasi, na kanuni ya zamani zile ilikuwa ya kikatili, kwa maoni yangu, tena ya kufurahisha mno. Siku ya mwisho wanabaki wapandaji wanne. Kila mmoja anaruka na farasi wake. Kisha wanabadilishana, mpaka kila mtu awe amempanda kila farasi. Unapewa dakika chache na viunzi viwili vya kujaribu, kisha unaingia uwanjani na mnyama ambaye hujui hata anapenda hatamu ishikwe vipi. Waliobaki walikuwa Eric Navet na Hubert Bourdy wa Ufaransa, Greg Best wa Marekani, na John Whitaker.

Oneni mambo yalivyogeuka. Mtu huyu aliyewekewa amana, leo anasimama kando na kumtazama Mfaransa akipanda juu ya Milton, kisha Mfaransa mwingine, kisha Mmarekani. Kila mmoja na mikono yake, na kinywa cha Milton ni kile kile chenye ufizi mtupu niliowaambia. Na yeye mwenyewe amekabidhiwa watatu wa wenzake. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa mwajiri wangu, televisheni ndogo juu ya friji, na yule mzee wa ukutani alikuwapo. Hakuwa akitazama viunzi. Kila mpandaji alipokalia tandiko la Milton, mzee alikuwa anainama mbele kutazama hatamu, basi.

Navet akawa bingwa wa dunia, Whitaker akapata fedha, Bourdy shaba. Zawadi ya farasi bora ikaenda kwa Gem Twist, farasi wa Mmarekani aliyetoka wa nne. Hili hunichekesha mpaka leo: farasi amewafaa wote wanne, na mwenye kumleta ndiye aliyerudi mikono mitupu.

Milton aliagwa na mashabiki London, Desemba 1994, kwenye maonyesho ya Olympia. Kisha akarudi Yorkshire kwenye malisho ya Whitaker, akaishi humo kama mstaafu mwenye pensheni hadi alipokufa mwaka 1999. Alikuwa na miaka 22.

Na John? Watu walidhani naye atastaafu. Huko ni kutomjua mfugaji. Mfugaji hastaafu, anapunguza ng'ombe. Wanawe wakapanda farasi, wapwa wakapanda, Robert mwanawe akawa anashindana na baba yake uwanja mmoja. Olimpiki ya Rio ilipofunguliwa tarehe 5 Agosti 2016, hesabuni wenyewe: ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 61, na yumo kwenye timu ya Uingereza, yeye na Michael, wakati wengine wa umri wao wanatafuta miwani. Safari hii alikuja na farasi jike aitwaye Ornellaia. Timu haikufika mbali, ingawa mwenzao Nick Skelton aliichukua dhahabu ya mtu mmoja mmoja akiwa na miaka 58, na siku ile nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akaja kuuliza ni nani ameolewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ninaona sambusa zimefika. Yule mtoto wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja punda. Haya, mwanangu, uliza. Ila ukitaka kujua nilinuka mpaka lini, muulize mke wangu.